Kitabu kisicho na mtihani

WAZAZI wengi tukisikia neno “kusoma”, akili inakimbilia ada, madaftari na mtihani wa mwisho wa muhula. Mtoto akionekana na kitabu cha hadithi, swali la kwanza ni: “Kazi za shule umemaliza?” Hivyo mtoto anajifunza mapema kwamba kitabu ni kazi, na kwamba mtu mzima aliyemaliza shule ameshaachana nacho.

Mimi nasoma kwa raha. Nasoma kwenye daladala, nasoma maharage yakiwa jikoni. Leo naomba nikushirikishe vitabu vitatu nilivyosoma miezi ya karibuni. Havikuandikwa kufundisha malezi, lakini kila kimoja kimenifanya niwatazame upya watoto tunaoishi nao.

Cha kwanza ni Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Ilitoka kwa Kiingereza mwaka 1994, na mwaka 2022 tukaipata kwa Kiswahili kupitia kwa mfasiri Ida Hadjivayanis. Yusuf ana miaka 12 anapoondoka nyumbani na Aziz, mfanyabiashara tajiri aliyemzoea kama ndugu wa familia. Huko aendako ndiko anakoambiwa ukweli: amewekwa rehani kwa deni la baba yake.

Sisi hatuwaweki watoto rehani. Ila ni mara ngapi mtoto anahamishwa shule, anapelekwa kwa bibi kijijini au bweni, na hakuna aliyekaa naye kumweleza sababu? Tunasema ni mambo ya wakubwa, na yeye anabaki kujijibu mwenyewe. Majibu ya mtoto aliye peke yake mara nyingi huwa mabaya kuliko ukweli.

Cha pili ni cha Gurnah huyo huyo, Theft, maana yake “wizi”, kilichotoka mwaka 2025. Badar ni kijana asiye na wazazi wa kumsemea, analetwa Dar es Salaam kuwa mtumishi wa nyumbani. Anaishi na familia ile, anaijua kuliko inavyomjua yeye, kisha anatuhumiwa wizi. Yanayofuata sikumalizii, utayasoma mwenyewe. Nakuuliza tu: nyumbani kwako kitu kikipotea, nani anaitwa kwanza? Watoto wetu wanatuangalia tunapomwita dada wa kazi, na wanajifunza nani anaaminiwa na nani hapana.

Cha tatu ni cha zamani: Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi, cha mwaka 1971. Kiliwahi kupigwa marufuku shuleni, baadaye kikaja kusomeshwa sekondari, na mwaka 2025 kimetoka kwa Kiingereza. Rosa analelewa Ukerewe na baba mkali, Zakaria, anayeamini kipigo kitamlinda binti na wavulana. Akiwa mbali na macho ya baba, Rosa hana silaha nyingine zaidi ya hofu, na hofu inaisha haraka. Mwisho wake unauma. Wengi tulikisoma kwa ajili ya mtihani. Kisome tena ukiwa na binti wa miaka 14 ndani ya nyumba, uone kama ni kitabu kile kile.

Vitabu hivi ni vya wakubwa, na vijana wa sekondari wanaweza Peponi na Rosa Mistika mkivisoma pamoja na kuzungumza. Kwa wadogo anza na Abunuwasi na ngano za sungura na fisi. Dakika 15 kabla ya kulala zinatosha. Soma kwa sauti, igiza fisi, wacheke. Ukimaliza, usiulize “tumejifunza nini?” Swali hilo linaurudisha mtihani kitandani. Akitaka hadithi ile ile mara ya tano, msomee.

Jambo jingine ni simu. Unaweza kuwa unasoma makala nzuri kama hii, lakini mtoto aliye pembeni haoni tofauti kati yake na soga za kwenye kundi la harusi. Kitabu cha karatasi anakiona. Anaona jalada, anaona umefika wapi, anakusikia ukicheka peke yako, naye atakuja kuuliza kuna nini.

Bei ikikushinda, maktaba za mikoa zipo, na Dar es Salaam ipo Maktaba Kuu ya Taifa. Nenda na mtoto Jumamosi moja, mwache achague mwenyewe, hata kama atachagua chenye picha nyingi kuliko maneno. Nawe chukua chako.

Nyumbani kwako mnasoma nini wiki hii? Niandikie, nami nitakitafuta.