Hela ya Kiwanja Imeishia Chini ya Boneti

Mwezi huu naomba nimshtaki mume wangu kwenu. Laki tatu tulizoweka kwa ajili ya kiwanja zimeishia kwenye Subaru yetu. Kanunua bomba la hewa linalong'aa, na filta ya wazi mbele yake. "Mke wangu, hii inaingiza hewa ya baridi. Gari litakuwa jepesi!"

Sikutaka ugomvi. Nikamwambia, tupime. Kuna kale kadude ka mafundi kanakochomekwa chini ya usukani, kanasoma joto la hewa inayoingia kwenye injini. Tukaondoka Mwenge kuelekea Bagamoyo, nje nyuzi joto 32. Kwenye foleni namba ikapanda weee, mpaka ikapita 60. Tulipopita Bunju na gari likakolea mwendo, ikashuka, ikakaribia joto la nje.

Siri ni nini? Filta ile imekaa wazi pembeni ya injini, kwa hiyo gari likisimama inavuta hewa iliyochemka humo humo ndani ya boneti. Hewa ya moto ni nyepesi: ile ya nyuzi 62 imepungua uzito kwa karibu asilimia 9 ukilinganisha na ya nyuzi 32, na oksijeni ya kuunguza mafuta inapungua vile vile. Lile boksi jeusi la kiwandani alilolitupa stoo lilikuwa linavuta hewa ya mbele ya gari. Halina mvuto, lakini kazi yake linaijua.

Sisemi mabomba yote ni utapeli. La maana ni hewa inatoka wapi, siyo bomba linang'aa kiasi gani. Likifikishwa kwenye hewa ya nje na filta ikakingwa na joto la injini, linasaidia kidogo. Ila likishushwa sana karibu na tairi, siku ya mafuriko ya Dar linaweza kunyonya maji, na hapo injini imekwisha.

Nikamuuliza, sasa tumepata nini? Akacheka: "Si unausikia muungurumo?"

Basi, baba, ungesema tangu mwanzo unataka muungurumo. Pengine ningekubali. Kilichoniuma siyo laki tatu, ni kuisikia habari ya hela yetu baada ya kutumika. Tumekubaliana: boksi linarudi, bomba linauzwa, na kinachozidi elfu hamsini kinajadiliwa mezani kwanza.

Na wewe nyumbani kwako, mnajadili kabla au baada? Tukutane mwezi ujao.