Mashine ya Kufulia Ikigoma: Waranti Inalipa Nini?

Dada mmoja wa Mikumi, ambaye riziki yake ni kufua mashuka ya nyumba za wageni, ameniuliza. Mashine yake ya mlango wa mbele ina miezi minane. Haitoi maji wala haikamui. Muuzaji aliyempa waranti ya mwaka mmoja yuko Dar es Salaam. Je, aisafirishe au amwite fundi wa hapa?

Kabla ya yote aikague mwenyewe. Mashine za namna hiyo kwa kawaida hazikamui mpaka maji yatoke, hivyo yaelekea maradhi ni mamoja, si mawili. Achomoe waya wa umeme, asubiri maji yapoe, atege beseni, kisha afungue kichujio cha pampu kilicho chini upande wa mbele. Humo hukutwa sarafu, pini za mtandio, hata soksi ya mtoto. Mpira wa kutolea maji nao autazame, usiwe umejikunja. (Kwa wenye mashine isiyoingiza maji: safisheni wavu mdogo pale unapofungwa mpira wa bomba, masika, maji yakija na tope, huziba upesi.)

Ukaguzi huu una thamani ya fedha. Waranti aghalabu hubeba kasoro ya kiwandani. Pini iliyokwama, au umeme uliopanda na kushuka, ni mzigo wa mwenye mashine. Wanafiqhi nao walitenganisha zamani aibu iliyokuwamo kabla ya bidhaa kukabidhiwa na ile iliyozuka mikononi mwa mnunuzi. Akiifikisha Dar es Salaam ikakutwa pini, atalipia usafiri wa kwenda na kurudi, na huenda ada ya ukaguzi juu yake.

Kichujio kikiwa safi na maji bado hayatoki, fundi wa mtaani asiiguse, kwani waranti nyingi hubatilika ikifunguliwa na asiyeidhinishwa. Ampigie muuzaji akiwa na risiti na kadi ya waranti, aulize nani analipia kipuri, nani ufundi, nani usafiri. Ile “miaka 10” iliyobandikwa usoni mwa mashine nyingi ni ya mota peke yake, tena mara nyingi bila ufundi. Binafsi naona maandishi hayo hupumbaza watu. Majibu ayaombe kwa ujumbe wa maandishi. Muuzaji akikaidi, Tume ya Ushindani, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, hupokea malalamiko ya walaji, na hapo risiti na ujumbe huo ndio ushahidi wake.