Usukani ni wa Anayeushika

Mwaka huu nimeamua kuandika juu ya kitu ambacho sisi sote wa Sio Port tunakiona kila siku lakini hakuna anayekitazama. Kitu chenyewe ni usukani wa pikipiki. Maoni yangu ninayaweka mbele mapema ili asiwepo atakayesema nilimzungusha. Usukani wa bodaboda unapaswa kurekebishwa ulingane na mwili wa yule anayeiendesha. Usiachwe jinsi ulivyotoka dukani, wala jinsi tajiri anavyotaka. Tena si jambo la starehe hili. Ni jambo la afya na usalama, na kwa baadhi yetu humu shuleni ni jambo la karo.

Kwanza tukumbuke kwamba sisi watu wa mpakani ndio wenye jina hili. Bodaboda ilizaliwa hapa kwetu Busia, kuanzia miaka ya 1960, vijana wa baiskeli walipokuwa wakiwavusha wasafiri na mizigo yao kati ya kituo cha mpaka cha Kenya na kile cha Uganda. Waliita, "Boda! Boda!" yaani mpaka hadi mpaka, nalo jina likaganda. Leo linatumika Kampala, Nairobi na kwingineko, na wengi wanaolitumia hawajui kwamba lilitoka kwetu.

Zile baiskeli nyeusi nzito, ambazo Wakenya huziita Black Mamba, zilikuwa na bolti moja juu ya shingo ya usukani. Ukitaka kuinua au kushusha usukani unailegeza, unaigonga kidogo kwa kipande cha mti ili kabari iliyo ndani iachie, unaupandisha usukani kadiri unavyotaka, kisha unakaza. Mwisho unazirekebisha zile fito za breki, kwa maana zimefungwa kwenye usukani na usukani ukipanda nazo zinavutika. Mtu aliyenunua baiskeli yake aliipima kama anayepima suruali kwa fundi cherehani.

Kisha zikaja pikipiki. Serikali ya Kenya ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo mwaka 2008, barabara zetu zikajaa. Lakini pikipiki si bei ya baiskeli. Vijana wengi huendesha mali ya mtu mwingine, na jioni humpelekea pesa zake. Hapo ndipo desturi ya kupima ilipopotea. Mwenye mali haendeshi, na anayeendesha anaogopa kugusa. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Naam, tajiri analala kwake, kunguni wanamla kijana.

Hebu tutazame jambo lenyewe lilivyo. Pikipiki inapotoka kiwandani, usukani huwekwa kwa mtu wa kimo cha wastani aliyekaa mahali pake pa kukaa, na nyuma yake abiria mmoja. Sheria yetu ya barabarani nayo inaruhusu abiria mmoja tu. Sasa nenda pale ufuoni asubuhi samaki wanapoteremshwa. Utaona gunia la omena na kikapu cha mbuta vimefungwa nyuma, na mama mwenye mali amekaa katikati. Dereva amesukumwa mbele mpaka amekalia tangi la petroli. Viwiko vyake vimebanwa mbavuni kama vya kuku aliyefungwa kwenda sokoni, na akikata kona usukani unagusa goti. Barabara ya kwenda Funyula na Busia anaimaliza namna hiyo, anarudi, anaanza tena.

Mwalimu wetu wa Fizikia alitufundisha habari ya wenzo. Nguvu ndogo mbali na egemeo hufanya kazi sawa na nguvu kubwa karibu na egemeo. Usukani ni wenzo. Mikono ikiwa na nafasi ya kusukuma na kuvuta, pikipiki hutii. Viwiko vikibanwa, dereva hugeuza kwa mabega na kiuno, na mzigo wa nyuma ukitikisika yeye hana nguvu ya kuuzuia. Ndiyo sababu siungi mkono vijana wanaokata ncha za usukani ziwe fupi ili wapenye kati ya malori yanayopanga foleni pale Malaba. Wanapata nafasi ya kupenya, lakini wanapoteza nguvu ya kushika.

Tuje kwenye mwili. Mkono ukikaa umepinda kwenye kifundo saa nyingi, huku injini inautetemesha, mshipa wa fahamu unaopita pale hubanwa. Vidole huanza kufa ganzi. Mgongo ukikaa umekunjwa kutwa nzima, kiuno hulalamika usiku. Na kuna breki. Kama wenzo wa breki umeinuka mno au umelala mno, vidole huutafuta kabla ya kuushika. Pikipiki inayokwenda kilomita 40 kwa saa hukata mita 11 kila sekunde. Ukichelewa nusu sekunde tu, umekwenda zaidi ya mita 5 bila breki. Je, mtoto anayevuka barabara kwenda shule ya msingi yuko mita ngapi?

Mimi nina sababu yangu ya kulisema hili. Kaka yangu mkubwa ni dereva wa boda. Ni mrefu kama mlingoti. Pikipiki anayoendesha huendeshwa usiku na jamaa mwingine ambaye ni mfupi, na usukani umevutwa nyuma sana, jinsi mwenyewe alivyoikuta dukani. Kaka akifika nyumbani hukung'uta mikono kama anayekausha maji. Kijiko cha chai humponyoka. Hajafika hata miaka 30 lakini asubuhi anatoka kitandani akishika ukuta kama babu. Alimwomba tajiri ruhusa ya kusogeza usukani, akajibiwa, "Wewe endesha, usiniharibie mali." Karo yangu ya muhula huu imetoka katika viganja hivyo. Kwa hiyo msinishangae nikiandika kwa uchungu.

Lakini je, ni kweli kusogeza usukani ni kuharibu mali? Hapana. Kiwanda chenyewe kiliweka vile vibano viwili vyenye bolti nne juu ya shingo ili usukani uweze kulegezwa. Katika pikipiki nyingi kuna hata alama ndogo ya nukta kwenye bomba la usukani, inayoonyesha mahali pa kiwanda, ili mtu akitaka kuurudisha asipotee. Kazi yenyewe, kama fundi mmoja wa stejini alivyonionyesha na kunieleza kwa subira, ni hii.

Simamisha pikipiki kwa stendi ya katikati, mahali palipo sawa, injini ikiwa imezimwa. Dereva akae kama anavyokaa kazini, siyo kama anayepigwa picha. Legeza bolti nne kidogo tu, usizitoe. Zungusha usukani mbele au nyuma hadi viwiko vikunjike kidogo, mabega yatulie na mgongo usilale. Kaza bolti kwa zamu, kidogo hapa kidogo pale, zibane sawasawa. Kisha, na hapa wengi husahau, legeza vishikizo vya klachi na breki, uviinamishe mpaka vidole vikinyooshwa juu yake viwe mstari mmoja na mkono wote tangu kwenye kiwiko. Kaza tena.

Sasa jaribu. Geuza usukani hadi mwisho kushoto, kisha hadi mwisho kulia. Usiguse tangi. Kebo ya klachi na ya breki zisivutike, nyaya za taa zisibanwe. Washa injini na uigeuze tena. Kama mlio unapanda wenyewe ukigeuza, kebo ya mafuta imekaza, na pikipiki hiyo isiingie barabarani mpaka irekebishwe. Zungusha mshiko wa mafuta na uuachilie, lazima urudi wenyewe. Yote haya hayamalizi nusu saa, na kifaa ni spana tu.

Kinachoharibu mali ni kingine. Ni kuchomelea vipande vya bomba ili usukani uinuke kama pembe za ng'ombe. Weldingi mbovu ikiachia barabarani, dereva anabaki na usukani mkononi na pikipiki inakwenda zake. Ni kufunga mwavuli mkubwa kwenye usukani, upepo wa ziwa ukija unaanza kuendesha yeye. Tajiri akiyakataza hayo nitampigia makofi.

Wengine watasema, "Wewe mwanafunzi, taabu ya boda si usukani. Taabu ni kubeba watu watatu." Ninakubali, tena kwa mikono miwili. Hakuna usukani utakaomsaidia dereva aliyekalia tangi. Lakini hata yule anayebeba abiria mmoja kisheria, kama ni mrefu au mfupi kuliko wastani, bado anaumia. Kukosa dawa ya malaria si sababu ya kukataa bandeji ya kidonda.

Wengine ni madereva wenyewe. Wanasema, "Mimi nimezoea." Ndugu zangu, punda naye amezoea. Kuzoea maumivu si sawa na kupona. Vidole vikishakufa ganzi miaka kadhaa, siku ya kuviita virudi huenda visiitike. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa mkono haujengwi kwa matofali.

Kuna pia swali la haki: ikiwa pikipiki moja ina madereva wawili, mrefu na mfupi, usukani ufuate nani? Siungi mkono kulegeza bolti asubuhi na jioni kila siku, kwani nyuzi za bolti zitaisha. Naona wawili hao wakae chini, wajaribu pamoja, wakubaliane mahali pa katikati panapowafaa wote. Mmoja hatapata yote, lakini atakuwa ameulizwa. Na mwenye mali akae nao, aone kwa macho kwamba hakuna kinachovunjika. Tena apande mwenyewe, aende hadi Funyula na kurudi akiwa na gunia nyuma. Nafikiri akirudi ataomba spana yeye mwenyewe.

Basi napendekeza mambo matatu. Kwanza, kila steji kati ya Sio Port na Busia, kupitia chama chao cha akiba, inunue seti moja ya spana ya pamoja, na siku moja kwa mwezi iwe siku ya kupima usukani, klachi na breki. Pili, matajiri na madereva wanapoandikiana makubaliano ya pesa za kila siku, waongeze mstari mmoja: dereva ana ruhusa ya kurekebisha usukani bila kukata wala kuchomelea. Tatu, sisi wanafunzi tunaosoma habari ya wenzo darasani tuipeleke nje. Kuna maana gani kupata alama 80 katika karatasi ya Fizikia ikiwa ndugu yako anaumia kwa jambo hilo hilo ulilolijibu vizuri?

Walimu wangu, najua wengine wenu mnakuja shuleni kwa boda kila asubuhi. Kesho mkishuka, kabla ya kulipa, tazameni viwiko vya aliyewaleta. Vikiwa vimebanwa, mwulizeni kwa nini. Akisema hajaruhusiwa, mwulizeni tajiri wake ni nani, mkaongee naye, kwa sababu neno la mwalimu bado linasikika katika kijiji hiki kuliko la kijana wa steji. Mpaka ulitupa jina la bodaboda bure. Kuwatunza wanaolibeba ni kazi yetu wenyewe.