Ghala Liwe Kigoma

Februari 2025, Wakongo waliokimbia vita vya Kivu Kusini walivuka mto Rusizi, watoto mgongoni, wakajazana kwenye uwanja wa mpira wa Rugombo, Burundi. Mwezi mmoja tu kabla, Marekani ilikuwa imesitisha misaada yake ya nje, na mashirika yaliyotakiwa kuwapokea yakawa yanahesabu akiba iliyobaki. Sisi wa nchi jirani tusisubiri tena kupangiwa kutoka mbali. Uzoefu tunao, tena tuliupata kwa uchungu. Mei 2015 makumi ya maelfu ya Warundi waliokimbia machafuko kwao walikwama Kagunga, kijiji cha Kigoma, Tanzania, kilichobanwa kati ya mlima na Ziwa Tanganyika, barabara hakuna, kipindupindu kikawavamia humo humo. MV Liemba, meli ya tangu enzi za Wajerumani, ilikuja kuwachukua, ikasimama majini mbali na ufuko. Wagonjwa, wazee na wajawazito wakapelekwa kwa boti za wavuvi hadi ubavuni mwake. Waliowafikisha melini pale ni watu wa jirani, si ndege za ng'ambo. Vyama vya Msalaba Mwekundu vya Tanzania, Burundi, Kongo, Rwanda na Uganda vina watu wa kujitolea hadi vijijini, na baadhi yao wanaelewana kwa Kiswahili. Basi vikubaliane sasa, kabla wimbi jingine halijafika: ghala la pamoja Kigoma lenye dripu, turubai na dawa za kutibu maji, na orodha moja ya watoto waliopotezana na wazazi, isomeke Bujumbura na Uvira vilevile. Serikali nazo zitoe vibali vya shehena hizo mapema, shwari ikiwapo, maana mgonjwa wa kipindupindu anaweza kufa kabla jua halijatua.