Haki ya Mzee: Safari Kutoka Sera Hadi Sheria

Kwa mzee asiye na uwezo katika Kata ya Matogoro, Manispaa ya Songea, njia ya kupata matibabu bila malipo huanzia ofisi ya serikali ya mtaa. Huko ndiko anakotambuliwa, Afisa Ustawi wa Jamii huthibitisha hali yake, ndipo hupewa kitambulisho cha kumwezesha kuhudumiwa katika vituo vya umma. Utaratibu huo umewafaa wengi. Hata hivyo, mzee akifika dirishani akaelezwa kuwa dawa hakuna, akanunue nje, anadai haki yake kwa kifungu gani?

Kwa Tanzania Bara, jibu limeendelea kuwa la sera. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, iliyopata toleo jipya mwaka 2024, inamtambua mzee kuwa mtu wa miaka 60 na kuendelea. Mtoto ana Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Mtu mwenye ulemavu ana sheria yake ya mwaka 2010. Wazee, ambao Sensa ya mwaka 2022 iliwakuta wakiwa takriban milioni 3.5, hawakutungiwa sheria mahsusi ya namna hiyo. Tofauti hii si ya makaratasi: sera humwelekeza mtendaji, sheria humwajibisha.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imeziba sehemu ya pengo, kwa kuweka utaratibu wa kugharamia wasio na uwezo. Lakini bima ni ya matibabu. Haimlindi mjane anayeporwa shamba, wala bibi kikongwe anayeshukiwa uchawi kwa sababu ya macho mekundu yaliyotokana na moshi wa kuni.

Zanzibar imetangulia. Pensheni Jamii ilianza Aprili 2016 kwa Shilingi 20,000 kila mwezi kwa kila mkazi aliyefikia miaka 70, bila kuuliza aliwahi kuajiriwa au la. Baadaye ikapandishwa hadi Shilingi 50,000. Mwaka 2020 ikatungwa Sheria ya Masuala ya Wazee. Barani Afrika, Itifaki ya Umoja wa Afrika kuhusu Haki za Wazee, iliyopitishwa mwaka 2016, ilianza kutumika Novemba 2024. Australia nayo, tangu Novemba 1, 2025, inatumia sheria ya matunzo yenye tamko la haki za mzee.

Mfano wa Australia, hata hivyo, hauwezi kuhamishwa mzima. Mkoa wa Ruvuma una makazi ya wazee ya Ngehe, lakini wazee walio wengi hutunzwa majumbani, na baadhi yao ndio walezi wa wajukuu. Sheria itakayoishia kwenye malango ya makazi haitawafikia wa Matogoro. Itabidi ieleze pia gharama zitabebwa na nani: halmashauri kwa mapato yake ya ndani, au Mfuko Mkuu wa Serikali.