JINO HUSOGEZWA POLEPOLE

Kijana mmoja wa kijijini kwetu alikuwa na mwanya. Alitaka kuuziba. Akafunga mpira mdogo kwenye meno mawili ya mbele ya juu. Meno yakakaribiana, akafurahi. Siku moja hakuuona mpira. Alidhani umeanguka. Kumbe umeingia ndani ya ufizi, unapanda kwenye mizizi. Meno yalipolegea nilimpeleka hospitali. Yote mawili yaling'olewa.

Mimi ni bwana shamba, si mganga wa meno. Lakini siku ile mganga alinieleza jinsi jino linavyosogezwa. Nami nakueleza wewe.

Jino lina mzizi ndani ya mfupa wa taya. Likisukumwa kwa nguvu ndogo, kila siku, mfupa wa mbele yake huliwa kidogo kidogo. Nyuma yake mfupa mpya hujengwa. Kazi hiyo haina haraka. Kwa kawaida jino husogea kiasi cha milimita 1 kwa mwezi. Tazama rula: ni nafasi kati ya mistari miwili midogo. Nguvu ikizidi, mzizi huumia.

Waganga wana njia mbili.

Ya kwanza ni nyaya. Mganga hugandisha kifungo kidogo kwenye kila jino. Hupitisha waya katika vifungo hivyo. Waya uliopindishwa hutaka kurudi katika umbo lake. Ukirudi, huvuta jino.

Ya pili ni ganda jembamba la plastiki, lisilo na rangi. Hufunika meno na kuyasukuma. Mgonjwa hulivaa saa 20 hadi 22 kwa siku. Hulivua akila na akipiga mswaki. Baada ya wiki 1 au 2 huvaa jingine, lenye umbo tofauti kidogo. Asipolivaa, meno hayasogei.

Njia ipi ni bora? Fikiri nguzo ya ua. Ukiisukuma juu, inainama tu. Chini inabaki palepale. Jino ni hivyo hivyo. Ganda hushika sehemu ya juu tu, hivyo ni rahisi kuliinamisha jino. Kusogeza mzizi ni kazi ngumu kwake. Waya hulishika jino vizuri zaidi. Waweza kuligeuza, kulivuta na kusogeza mzizi wake. Kwa hiyo meno yaliyopinda kidogo yanaweza kutumia ganda. Yaliyopinda sana mara nyingi huhitaji nyaya. Mganga ndiye anayepima na kuamua.

Sasa fikiri ule mpira. Hauna kipimo. Hauna wa kuusimamia. Jino ni jembamba kuelekea ncha ya mzizi, basi mpira huteleza kwenda huko.

Ndugu msomaji, usifunge mpira wala uzi kwenye meno yako. Waeleze na watoto. Kama mpira umefungwa na hauonekani, usingoje maumivu. Nenda hospitali leo.

Na mwanya si ugonjwa. Kwetu wengi huuona ni uzuri.