Uvira: ni kinga gani inaweza kubeba motere?

Desemba 2025, wakati M23 waliingia Uvira na mpaka wa Kavimvira ukafungwa, watu wa huku waliona tena kitu walichokuwa wanajua zamani: siku esanse inakosekana ao inapanda bei, moto zinasimama, na kinga njo inabaki barabarani. Kinga njo inaleta mihogo toka Kiliba, ndagala toka Kalundu, na bidon za maji kila fasi. Basi vijana wanauliza: tukifunga kamotere kadogo juu ya kinga, kanakokunywa esanse kidogo kuliko moto, hatuwezi kupona?

Inawezekana, na si jambo jipya. Tangu 1946 Wafaransa waliuza VéloSoleX, kinga yenye motere juu ya gurudumu la mbele. Motere inazungusha rulo, kipande cha mviringo kama kopo dogo, na ile rulo inasugua mpira wa nje mpaka gurudumu linatembea. Motere haina mnyororo wake, haina vitesi za kubadilisha. Ilikuwa inaenda karibu kilomita 30 kwa saa, na kwa kilomita 100 ilikunywa karibu litre moja na nusu tu. Mamilioni ya watu waliinunua mpaka 1988, wakati kule Ufaransa waliacha kuitengeneza. Leo fundi mwenye motere ya mashine ya kukata majani na sudere mzuri anaweza kufanya kazi ile ile. Ile ya motopompe, kama zile zinazovuta maji katika mashimo ya zahabu kule Misisi, waiache: ni nzito, inapita kilo 15, itavunja kinga na mwenye kinga.

Mafundi wengi wanaongea motere, motere, motere. Mimi naona mambo yote yako upande wa kinga.

Kwanza barabara. Toka Uvira mpaka Kamanyola, kwa Sange na Luvungi, ni karibu kilomita 80 za uwanda wa Ruzizi, na kamotere ka namna hii kanaweza. Ukipita Kamanyola kupanda Ngomo, hapana. Rulo itateleza, utashuka usukume kinga, motere, na muzigo. Kwa wale wa Lemera ao Bijombo, wasijisumbue hata kidogo.

Pili, kuna uongo unaotembea: eti gurudumu kubwa la 28 litakimbia kuliko la 26. Kwa motere ya kusugua si kweli. Ngozi ya mpira inatembea mwendo ule ule wa ngozi ya rulo, gurudumu liwe kubwa ao dogo. Rulo yenye upana wa sentimeta 3, ikizunguka mara 6000 kwa dakika, inakupa karibu kilomita 34 kwa saa kwa kinga yoyote. Ukiweka ya sentimeta 4, inapita 45, lakini nguvu ya kuvuta inapungua, na hapo kinga yenye muzigo inakataa kuondoka. Faida ya 28 ni kupita mashimo vizuri, basi.

Kitu cha kuangalia ni mpira. Ile ya VTT yenye meno makubwa inatetemesha rulo, na rulo inakula yale meno. Tafuta mpira mpana, laini katikati, uupige upepo mpaka uwe mgumu. Janti isiwe na kichwa kizunguzungu: ikipinda, rulo inashika upande huu, inaacha upande huu. Na siku matope ya Mulongwe ao Kalimabenge yako barabarani, rulo itateleza tu. Hata ya Wafaransa ilikuwa inateleza kwa mvua.

Sasa freni. Sisi wa sendika ya wachimbaji, mashine mpya ikifika machimboni, tunauliza kwanza inasimama namna gani. Kinga inayopendwa na wabebaji huku ni ile nyeusi ya zamani, Phoenix ao ya Wahindi, yenye kadri ya chuma na spoki mingi nyuma. Kwa kubeba, hakuna inayoishinda. Lakini freni yake ni ya vyuma virefu vinavyovuta mpira mdogo ndani ya janti, na janti ya chuma ikilowa maji inakuwa kama sabuni. Kwa kilomita 15 kwa saa, mguu unasaidia. Kwa 30, na kilo 80 za mihogo nyuma, nguvu ya kusimamisha inakuwa mara nne. Mguu hautasaidia kitu. Tena ile janti haina ukuta sawa wa kukamatisha freni za kisasa, kwa hiyo sherti kubadilisha magurudumu mazima. Anayekuuzia motere bila kukuambia hii, bei yake si bei ya kweli.

Kinga za okazio toka Ulaya zenye freni ya pedali, unasukuma nyuma gurudumu linakamata, ni nzuri hata kwa mvua. Ila mnyororo ukikatika freni imekwenda, basi sherti ya mbele iwepo nayo. Na kadri iwe ya chuma, maana aluminiumu wasudere wetu wengi wataiharibu. Piga macho kwenye uma wa mbele, fasi ya kuunganika: ufa kidogo tu, uache hiyo kinga.

Motere iwekwe wapi? Mbebaji anataka porbagaje yake nyuma, kwa hiyo inabaki mbele kama ya Wafaransa, na gido itakuwa nzito. Tangi likae mbali na muzigo. Watu wa Sange hawana haja ya kufundishwa juu ya esanse, tangu tarehe 2 Julai 2010, wakati lori la mafuta lilipinduka na kuwaka, watu zaidi ya 200 wakafa.

Kwa wale wa Gatumba: Machi 2022 Burundi ilikataza kinga na moto katikati ya Bujumbura. Motere haitakufungulia njia.

Inabaki habari ya patro. Atanunua kinga kumi, atazifunga motere, atadai pesa kila jioni kubwa kuliko ya kinga ya miguu. Rulo inakula mpira haraka, na freni zinaisha haraka. Vijana waandike karatasi mbele ya kuchukua kinga: mpira wa nje na freni ni vya mwenye kinga, esanse ni ya mwendeshaji, na siku ya mvua kubwa hakuna pesa ya jioni. Karatasi mbili, moja ibaki kwa kijana.